Nina miaka 68, naenda peke yangu nje ya nchi kutazama ndege: naomba mnisahihishie mpango

Ninga wa Jioni ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wanaostahili.

Miezi mitano kutoka sasa nasafiri nje ya nchi kutazama ndege, siku 16, peke yangu. Siku 7 za mwanzo ni msitu wa bondeni, kama mita 300 kutoka usawa wa bahari. Baada ya hapo napanda milimani, na malazi niliyoyaona yako kati ya mita 2,000 na 3,300. Ndege nawafahamu kiasi cha kutosha, na kuamka saa kumi alfajiri si kazi kwangu. Ninachokihofia ni mwili wa umri huu, na kukosa mtu wa kuniambia "mama, angalia mguu".

Hali yangu ni hii: navaa miwani ya lenzi moja yenye sehemu ya mbali juu na ya karibu chini. Natumia dawa ya presha pamoja na ile ya kupunguza maji mwilini. Goti la kulia linapanda vizuri ila kushuka linagoma. Sauti nyembamba za ndege wadogo zinanipita. Darubini yangu ni 10x42 (inakuza mara 10, lenzi za mbele zina milimita 42) yenye gramu 870, na baada ya saa mbili shingo inalalamika.

Nibadilishe darubini? Masikio nifanyeje? Mwongozaji nimchukue kila siku au siku chache? Na mtu aliye peke yake ajilinde vipi porini? Naomba majibu yenye vipimo, si ya kunitia moyo tu.

---

Lenzi Safi amejibu:

Shikamoo mama. Nianze na darubini, maana ndiyo itakayoning'inia mwilini mwako saa nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Ishike mbali na uso, mkono umenyooka, uielekeze angani penye mwanga, kisha tazama vioo vya upande wa macho. Utaona viduara viwili vyeupe vikielea humo ndani. Upana wa kila kiduara ni kipenyo cha lenzi ya mbele ukikigawanya kwa ukuzaji: 42 kwa 10 ni milimita 4.2, na 42 kwa 8 ni milimita 5.25. Hiyo ndiyo njia yote ambayo mwanga unapitia kufika jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7, lakini ya mtu aliyepita miaka 60 mara nyingi haizidi 5. Kwa hiyo 8x42 inakupa karibu mwanga wote ambao jicho lako linaweza kuupokea alfajiri chini ya miti. Atakayekushauri 7x50 "kwa sababu inang'aa" anakubebesha kilo nzima kwa ajili ya mwanga ambao mboni yako haitaupitisha.

Jambo la pili ni mtetemo. Darubini inayokuza mara 10 inakuza na mtikisiko wa mkono mara 10, na mkono uliochoka unatikisika zaidi. Pia inakubana uwanja: ya 8 kwa kawaida inaonyesha upana wa mita 125 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000, ya 10 inaonyesha kama mita 105 hadi 115. Ndege anayerukaruka kwenye majani humpati upesi ukiwa na uwanja mwembamba. Kwa msitu, 8x42 ya gramu 650 hadi 750, au 8x32 ya gramu 450 hadi 600 ikiwa shingo ndiyo tatizo kuu. Hiyo ndogo inatoa kiduara cha milimita 4, kwa hiyo dakika ishirini za kwanza za alfajiri utapoteza kidogo, basi.

Kwa mvaa miwani, kipimo cha kuuliza kabla ya kulipa ni umbali wa jicho kutoka kwenye kioo cha nyuma ambapo bado unaona picha nzima. Chini ya milimita 15 usichukue. 17 na zaidi ni vizuri. Jaribu hivi: zungusha vikombe vya macho, zile pete zinazozunguka vioo vya nyuma, mpaka vishuke kabisa, vaa miwani yako, tazama ukuta mweupe. Ukiona ukingo mweusi wa duara ukiwa mkali pande zote, inakufaa. Ukilazimika kuisukuma darubini kwenye miwani ndipo uuone ukingo, iache dukani.

Halafu weka tofauti ya macho mawili, kazi ambayo wengi huiruka. Funika lenzi ya mbele ya upande wa kulia, tazama kitu chenye maandishi kama mita 20 kwa jicho la kushoto, na usawazishe kwa gurudumu la katikati. Sasa funika ya kushoto, usiguse gurudumu, na usawazishe kwa pete iliyo kwenye kioo cha kulia. Andika namba ya pete hiyo mahali. Ikisogea ndani ya mkoba hutajua, utaona tu kichwa kinauma ifikapo saa tatu.

Mkanda wa shingo ubadilishe. Weka ule wa kuvuka mabega yote mawili na kukutana mgongoni. Uzito unahama kutoka shingoni kwenda mabegani.

---

Fimbo na Kofia amejibu:

Shikamoo mama. Lenzi Safi kasema kweli kuhusu vipimo, ila kununua darubini mpya siyo jambo la kwanza. Iliyopo unaifahamu, mkono unaenda kwenye gurudumu bila kutafuta. Ukinunua mpya, inunue sasa hivi uwe nayo miezi mitano, wala si wiki moja kabla ya ndege kuruka.

Ukiamua kubaki na 10x42, mtetemo unapunguzwa kwa mbinu. Viwiko vibane mbavuni. Shika ukingo wa kofia pamoja na darubini kwa vidole viwili vya mwisho, kofia inageuka kuwa mhimili wa tatu. Egemea shina la mti kwa bega, si kwa mgongo. Au weka kiganja juu ya kichwa cha fimbo na ukilaze kitako cha darubini juu ya kiganja hicho. Zipo pia darubini zenye kituliza mtetemo kinachotumia betri, na kwa mikono inayotetemeka sana ni msaada wa kweli, ila nyingi zina kipimo kifupi cha umbali wa jicho, kwa hiyo jaribu ukiwa na miwani. Betri zikiisha inabaki darubini ya kawaida.

La muhimu zaidi ni hiyo miwani yenyewe. Sehemu ya chini ya lenzi imetengenezwa kwa kusoma. Ukitazama njia kupitia hapo, mzizi ulio mita moja na nusu chini unaonekana umefifia na umesogea. Mtu anakanyaga hewa. Tengeneza miwani ya pili ya kuona mbali tupu, vaa hiyo porini, na hiyo ya lenzi ya pamoja ibaki kuwa akiba. Nenda kwa daktari wa macho mwezi huu huu: kama kuna mtoto wa jicho wa kushughulikiwa, upasuaji na miwani mipya ya baadaye vinahitaji wiki kadhaa, na wewe unazo.

Na kanuni ya miguu: simama kwanza, ndipo uinue darubini. Usirudi nyuma hata hatua moja ukiwa umeishikilia machoni. Ndege akiwa juu ya kichwa, usikunje shingo nyuma kwa dakika nzima. Kwa watu wa umri wetu hilo linaleta kizunguzungu na mtu anaanguka amesimama palepale. Sogea mbali na mti ili pembe ipungue, au kaa kwenye kiti cha kukunja na uegemee nyuma. Kuna viti vya miguu mitatu chini ya kilo moja. Beba kimoja.

---

Sikio la Alfajiri amejibu:

Mama Ninga, shikamoo. Unachokielezea ndivyo umri unavyoingia masikioni: sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza. Nyimbo nyingi za ndege ziko kati ya kilohezi 2 na 8 (namba ikipanda, sauti ni nyembamba zaidi), kwa hiyo hujapoteza kwaya nzima, umepoteza safu ya mbele. Mfano, kale kandege ka misitu ya Ulaya kanakoitwa Regulus regulus kanaimba juu ya kilohezi 6, na watu wengi waliopita miaka 60 wanakitazama kinywa kikifunguka wasisikie kitu.

Pima masikio kabla ya safari na omba karatasi yenye mchoro wa mpimo, ujue sauti zinaanza kukupotea wapi. Ukipewa vifaa vya kusikia, mwambie fundi akuwekee mpangilio wa pili kwa ajili ya ndege tu, ambao kupunguza kelele kumezimwa. Mpangilio wa kawaida umeundwa kwa maneno ya binadamu. Unauona mluzi wa ndege kama kelele ya kufutwa. Kile cha kuzuia mlio wa kifaa chenyewe nacho kinaweza kuuchanganya mluzi mrefu na hitilafu, ukasikia ndege anatetemeka sauti wakati hatetemeki. Kwenye unyevu wa msitu, vifaa vilale kwenye kikopo chenye chembechembe za kukausha unyevu.

Kisha simu. Programu ya Merlin ya Cornell Lab of Ornithology inasikiliza na kutaja jina, nayo inafanya kazi bila intaneti mradi umeshapakua kifurushi cha eneo unalokwenda. Kipakue nyumbani, si uwanja wa ndege. Shika simu mkononi huku maikrofoni ikielekea kwenye sauti. Ikiwa mfukoni inasikiliza kitambaa. Jina likitokea na wewe husikii kitu, ujue kuna mwimbaji wa sauti ya juu karibu, na hapo macho yafanye kazi. Ila usiandike ndege kwa sababu simu imesema. Kwenye nchi za joto zenye aina nyingi, zipo ambazo programu haijafundishwa, na itakupa jirani yake kwa ujasiri uleule.

Kupata uelekeo wa sauti: weka viganja nyuma ya masikio kama masikio ya sungura, funga macho, geuza kichwa taratibu mpaka sauti ilingane kushoto na kulia. Fungua macho: pua yako inamwelekea.

Na usijifunze sauti mia mbili. Chagua 30 za ndege unaowataka sana, zipakue kutoka xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege zilizorekodiwa, sikiliza tatu kwa siku. Zile ambazo huzisikii hata kwa vifaa vya masikioni ziweke alama, ndizo utakazomwomba mwongozaji akusikilizie.

---

Nesi Mstaafu amejibu:

Dada yangu, upande wa afya nitakueleza ya kwenda kumuuliza daktari wako, maana yeye ndiye anayekujua. Muone si chini ya wiki 8 kabla.

Dawa ya kupunguza maji kwanza, kwa sababu ndiyo inayowaharibia wengi safari na hawasemi. Mtu anatoka saa kumi na moja alfajiri kwa gari, hakuna choo kwa saa nne, basi anaamua kuiacha dawa au kutokunywa maji. Yote mawili ni hatari. Kama ni furosemidi, huanza kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha kwa kama saa sita. Muulize daktari iwapo unaweza kuinywa saa sita mchana ukirudi malazini, ukabaki karibu na choo mchana wakati ndege nao wametulia, na asubuhi yako ikawa huru. Dawa nyingine za aina hii hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana ni lazima uulize kwa jina la dawa yako. Na bondeni utatoka jasho jingi: ukisimama ghafla kutoka kwenye kile kiti cha kukunja, presha inashuka na macho yanaingia giza. Simama kwa hatua mbili, ukishika fimbo.

Homa ya manjano: kama unakokwenda inahitajika na hujawahi kuchanjwa, mwambie daktari umri wako waziwazi. Kwa anayepata chanjo hiyo mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi, madhara makubwa, ingawa ni nadra, yana uwezekano mkubwa kuliko kwa kijana. Daktari atapima hatari ya eneo dhidi ya hatari ya chanjo, na anaweza kukuandikia cheti cha kusamehewa. Ila hakikisha kwanza nchi unayokwenda inakipokea. Kama ulishachanjwa zamani, cheti chako bado kinafaa: tangu tarehe 11 Julai 2016 kinahesabiwa cha maisha yote. Cheti kipya huanza kufaa siku 10 baada ya sindano.

Malaria: dawa zinatofautiana kwa mtu wa porini. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue na jua haraka na unaendelea nayo wiki 4 baada ya kutoka. Atovakwoni na proguanili huanza siku 1 au 2 kabla na kuisha siku 7 baada. Mefloquine haiwafai wenye historia ya maradhi ya akili, kifafa au mapigo ya moyo yasiyo sawa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu akiwa ameshaanza dawa ya malaria, kwa sababu zinaingiliana.

Mlima. Umepanga vizuri kuanza bondeni, lakini usiruke kutoka mita 300 ukalale 3,300. Lala 2,000 usiku 2, kisha 2,600 usiku 2 au 3, ndipo upande. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. (Wanaotua moja kwa moja Quito ya Ekuado, mita 2,850, au Cusco ya Peru, mita 3,400, hawana chaguo hilo, wao wakae siku mbili bila kupanda kilima.) Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida, usipande zaidi siku hiyo. Ukihema ukiwa umekaa, au ukishindwa kutembea mstari ulionyooka kisigino kwa kidole, shuka wakati huohuo, hata kama ni usiku. Wewe uko peke yako, kwa hiyo mwambie mwenye malazi jioni ya kwanza: "Nisipotokea kwenye kifungua kinywa, gonga mlango." Asetazolamidi, dawa ya kuzuia maradhi ya mlimani, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia, lakini nayo inakojosha na kupunguza potasiamu, kwa hiyo juu ya dawa yako ya sasa usiiongeze bila daktari. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema.

Safari ya anga ikizidi saa 4, soksi za kubana miguu na kutembea kila baada ya saa moja au mbili vinapunguza hatari ya damu kuganda. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake halisi, na akiba ya siku 10 zaidi. Orodha iandikwe kwa jina la dawa, si la kampuni. Na angalia sheria za nchi: kodeini na tramadoli zinahitaji kibali nchi kadhaa, na Japani hairuhusu kuingia na dawa ya mafua yenye pseudoephedrine nyingi. Kidonge cha kawaida nyumbani kinaweza kuwa kesi mpakani.

---

Njia Polepole amejibu:

Shikamoo mama Ninga. Nizungumzie mwongozaji na ratiba.

Mwongozaji mchukue siku 2 za kwanza za kila eneo, ukae siku 1 au 2 mwenyewe kwenye njia alizokuonyesha, kisha umchukue tena kwa ndege waliobaki. Siku za pamoja zinakupa sauti na majina. Siku za peke yako ndipo unapowaona kweli, kwa sababu hakuna anayekuharakisha kwenda kwa anayefuata.

Kabla ya kulipa mwandikie maneno yasiyo na tafsiri mbili. Siyo "natembea taratibu", kila mtu anadhani anatembea taratibu. Andika: "Nina miaka 68. Nikitazama ndege natembea kilomita 1 kwa saa. Kupanda kwa asubuhi kusizidi mita 150. Kushuka kunaumiza goti, naomba gari linishushe chini na kunichukua juu. Nahitaji choo au kituo cha faragha kila baada ya saa 2. Je, una darubini kubwa ya miguu mitatu? Je, siku hiyo niko mimi tu au kuna wengine?" Akijibu kila kipengele, mchukue. Akijibu "hakuna shida" tu, tafuta mwingine.

Hilo la gari litakusaidia kuliko dawa ya goti. Barabara za milimani nyingi zinapitika, kwa hiyo njia ileile unaitembea kwa kupanda tu. Pale ambapo lazima ushuke, fimbo mbili, zirefushwe sentimita 5 hadi 10 kuliko za tambarare, na utangulize fimbo kabla ya mguu.

Darubini kubwa usisafiri nayo. Pamoja na miguu yake ni kilo 3 au zaidi, na waongozaji wengi wanayo.

Ratiba: ndege wa msituni wana saa 3 za dhahabu tangu kupambazuke, halafu mchana wanalala, halafu saa 2 za mwisho wa siku. Lala mchana nawe. Usiweke miadi na mwongozaji kesho ya siku unayotua. Ukiwa umevuka maeneo mengi ya saa, hasa kuelekea mashariki, kesho yake utakuwa umesimama msituni umelala. Siku 2 za kutua, kwenye bustani ya malazi tu, mwongozaji aanze baada ya hapo.

Na kabla ya kuota, hesabu. Kwenye eBird, tovuti ambako watazamaji huweka orodha ya ndege wa kila matembezi, fungua sehemu ya ndege unaowalenga, chagua eneo na mwezi wako. Kila ndege ana asilimia ya orodha kamili zilizomtaja. Ndege wa asilimia 20, ukiandika orodha 10, una uwezekano wa karibu asilimia 89 wa kumpata angalau mara moja. Wa asilimia 2, kwa orodha hizohizo 10, ni karibu asilimia 18. Punguza kidogo, kwa kuwa orodha zile zimeandikwa na watu wenye masikio makali na ndege aliyesikika tu anahesabiwa. Hesabu hii inakuonyesha siku zako uziweke wapi: usitumie asubuhi tatu kwa ndege wa asilimia 2 huku wa asilimia 20 wa eneo lingine hujawagusa.

Kuwaita ndege kwa kupiga sauti zao zilizorekodiwa, mwombe mwongozaji asifanye mara kwa mara. Ndege anayetetea eneo lake anaacha kulisha makinda aje kupigana na spika. Hifadhi nyingi zimekataza kabisa.

Bima nitaigusa tu: taja presha na dawa zote hata kama fomu haijakubana, soma kikomo cha urefu wa mlima na kikomo cha umri, hakikisha kuna usafiri wa kukutoa porini hadi hospitali, na angalia kiwango cha juu cha fidia kwa kitu kimoja, maana darubini nzuri mara nyingi inakizidi. Piga picha namba yake.

---

Ninga wa Jioni ameandika:

Ahsanteni sana, nimeandika kila kitu daftarini. La darubini nimeamua: nanunua 8x32 mwezi huu, ile ya zamani inabaki nyumbani. Yamebaki mawili. Siku za peke yangu njiani, nikianguka au nikipotea? Na ule ukungu wa kwenye vioo, maana chumba kitakuwa na kiyoyozi na nje ni joto.

---

Fimbo na Kofia amejibu:

Siku ya peke yako, acha karatasi mapokezi: jina la njia, saa uliyotoka, saa ya kurudi, na saa ambayo waanze kukutafuta. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. "Nitarudi mchana" haimfanyi mtu ainuke kwenye kiti. "Saa saba na nusu nisipoonekana, njooni" inamfanya.

Weka saa ya kugeuka, ikifika geuka hata kama ndege anaimba mbele. Piga picha kila njia panda ukiwa umegeukia ulikotoka, kwa sababu njia ya kurudi haifanani na ya kwenda. Ramani ipakuliwe kwenye simu. Filimbi ivaliwe mwilini, si kwenye begi, maana ukianguka begi linaweza kubaki juu: mipulizo 6 kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia. Anayekusikia hujibu kwa mipulizo 3. Mahali pasipo na mtandao, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kinastahili kukodiwa kwa siku hizo.

Betri ya kuchajia simu iwe kwenye mkoba wa mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100 kisichohitaji idhini. Fimbo za kutembelea ziende kwenye mzigo mkubwa. Na usiinue darubini karibu na kambi za jeshi, mabwawa, madaraja makubwa au viwanja vya ndege, hata kama mwewe kakaa juu ya uzio.

---

Lenzi Safi amejibu:

Ukungu, mama, ni unyevu wa nje unaogandia kwenye kioo cha baridi. Haufutiki, unarudi. Darubini isilale chumbani penye kiyoyozi. Iweke bafuni au kwenye varanda iliyofungwa, au ikilala ndani, itoe nje ikiwa kwenye mfuko uliofungwa nusu saa kabla ya kuondoka, ipate joto bila kuguswa na hewa. Hakikisha imejazwa naitrojeni, gesi kavu inayozuia ukungu wa ndani. Ukungu wa nje utakauka wenyewe, wa ndani hautakauka.

Nimalizie na dawa ya mbu. Yenye DEET inayeyusha plastiki na mpira. Mtu anapaka mikono, anashika darubini, na baada ya siku tatu mpira wa pembeni unanata na una alama za vidole zisizotoka. Miwani ya plastiki nayo inapata ukungu wa kudumu. Tumia yenye pikaridini. Kama iliyopo ni DEET tu, paka kwa mgongo wa mkono, viganja vibaki vikavu.